Coulomb: kabla ya umeme alikuwa mtu wa udongo

Leo nawaletea jamaa ambaye wengi tulilijua jina lake sekondari kama kipimo cha chaji ya umeme, tukaishia hapo. Kumbe Charles-Augustin de Coulomb alianzia kwenye udongo na mawe.

Alizaliwa Angoulême, Ufaransa, mwaka 1736, akasomea uhandisi wa jeshi. Mwaka 1764 akapelekwa kisiwa cha Martinique kujenga ngome. Alikaa huko miaka 8, maradhi yakamtesa sana, lakini kazi ikamwachia swali: ukuta wa kuzuia udongo uwe na nguvu kiasi gani? Mwaka 1773 akapeleka majibu yake kwa wanasayansi wa Paris.

Sikia sasa. Mwaga maharage chini, au kahawa kavu kama ya hapa kwetu Nshamba. Rundo linapanda, halafu punje zinaanza kuteleza pembeni. Ongeza debe lingine: rundo linakuwa kubwa, ila mteremko ni uleule. Punje zinazuiwa na msuguano, na msuguano unaongezeka kadiri uzito unavyozigandamiza. Mchanga mkavu huishia nyuzi 30 hadi 35 hivi. Coulomb akasema udongo una nguvu ya pili, kule kushikana kwenyewe. Ndo maana ukingo wa moramu unaweza kusimama wima.

Waliomfuata wakaonyesha kazi ya maji. Unyevu kidogo unashikanisha punje, lakini mvua ikijaa ndani, maji yanabeba sehemu ya uzito, msuguano unapungua, udongo unaondoka. Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka, tope likashuka hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa.

Coulomb alishinda tuzo ya utafiti wa msuguano mwaka 1781, akaingia kwenye umeme, akafariki Paris mwaka 1806. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

Sasa vijana wenzangu mnaochimba mchanga na moramu: ukichimba chini ukaacha paa juu ya kichwa chako, umebaki unategemea kule kushikana tu. Ukingo uliosimama jana sio dhamana baada ya mvua ya usiku. Anzeni juu, mshuke kwa ngazi. Hela ya tripu moja haimrudishi mtu aliyefukiwa na kifusi.

Haya wadau, machimbo ya huko kwenu yakoje? Mwageni maoni.