Sibawaihi: Mwajemi Aliyewafundisha Waarabu Lugha Yao

Wako waliosilimu ukubwani ambao huona haya kusoma Kiarabu kwa sauti mbele za watu. Ulimi huteleza, mtu wa safu ya mbele hugeuka, mtoto hucheka. Na yule aliyekuwa akisoma huufunga msahafu akaazimu moyoni kutorudia tena. Katika chuo ninachofundisha, ugenini, naliona jambo hili kila waingiapo wanafunzi wapya. Kwa ajili yao napenda kusimulia habari za mtu ambaye elimu yake yote ilitokana na kosa moja la namna hiyo.

Jina lake ni Amri bin Uthman bin Qanbar, na ulimwengu humjua kwa lakabu yake ya Kiajemi, Sibawaihi. Alizaliwa yapata mwaka 760 katika mji wa Baidhaa, karibu na Shiraz, katika nchi iitwayo leo Iran. Hakuwa Mwarabu. Zama zile mtu wa taifa jingine aliyeingia katika Islamu aliungamanishwa na kabila la Kiarabu, akaitwa maula wao. Nao ukoo wa Sibawaihi ulikuwa maula wa Banu Harith bin Kaab. Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa amekwisha kubatilisha majivuno ya nasaba, lakini desturi za watu hazifi kwa siku moja. Aliyekosea mwisho wa neno alitambulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Alipokuwa kijana alifika Basra, mji uliojengwa zama za Khalifa Umar r.a. kuwa kambi ya askari, ambao sasa ulikuwa bahari ya elimu. Hakwenda kujifunza nahau. Alitaka Hadithi na fikihi, akakaa mbele ya Hammad bin Salama. Imesimuliwa kwamba siku moja alikuwa akisoma Hadithi inayomtaja Sahaba Abu Dardaa r.a., na mbele ya jina hilo palikuwa na neno "laisa", ambalo kwa kawaida maana yake ni "si". Kwa kawaida jina linalofuata neno hilo huishia kwa sauti ya "u", naye akasoma "Abu". Mwalimu akamkatiza mbele ya wenziwe: hapa neno hilo lina maana ya "isipokuwa", basi husomwa "Aba". Sisi tusemao Kiswahili twamjua mtenda na mtendwa kwa viambishi vya kitenzi na kwa mpango wa maneno. Katika Kiarabu irabu moja ya mwisho yaweza kuichukua kazi hiyo yote.

Sibawaihi angeweza kurudi kwao. Badala yake aliazimia kutafuta elimu ambayo mtu hataweza kumkosoa kwayo, akaenda kwa Khalil bin Ahmad Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman, wa kabila la Azdi. Khalil ndiye aliyeweka elimu ya mizani ya mashairi ya Kiarabu, na ndiye aliyeanzisha kamusi ya kwanza ya lugha hiyo, akiipanga kwa mahali zinapotokea sauti, kuanzia ndani kooni hadi midomoni. Alikuwa mtu wa zuhudi, akiishi katika kibanda duni, na husimuliwa kuwa alimpokea kijana huyu Mwajemi kwa furaha kila alipokuja. Katika kitabu cha Sibawaihi, kila aandikapo kwamba alimwuliza "yeye" bila ya kutaja jina, wanazuoni wamefahamu kuwa huyo ni Khalil. Alisoma pia kwa Yunus bin Habib, na kwa wengineo.

Lakini vitabu na walimu havikumtosha. Yeye na walimu wake waliwasikiliza Mabedui ambao Kiarabu chao kilitegemewa, wakapima kila kanuni kwa Kurani Tukufu, kwa mashairi ya kale, na kwa maneno ya watu hao wasiojua hata kuandika. Beti za mashairi alizozitaja hupita elfu moja, na aya za Kurani Tukufu hupita mia nne.

Mambo aliyoyaona humo ndiyo yanayonishangaza mimi kila mwaka nifundishapo. Mtu akisema kwamba jana atakwenda sokoni, Sibawaihi huyahesabu maneno hayo kuwa ni muhali, kwa kuwa mwisho wake huvunja mwanzo wake. Akidai ameubeba mlima, maneno yamenyooka, ila ni uongo. Akiyapanga maneno pasipo mahali pake, hayo ni mabaya, ingawa maana yafahamika. Tazama majina aliyoyatumia: jema, baya, lililonyooka. Ni majina ya mwenendo wa watu. Mtaalamu mmoja wa zama zetu, Michael Carter, ameonyesha kwamba kwa Sibawaihi usemi ni tendo miongoni mwa matendo ya jamii, nalo hupimwa kama fikihi inavyoyapima matendo mengine. Hakumsahau msikilizaji pia. Akipita mtu aliyevaa mavazi ya safari ya hija, waweza kutamka jina la Makka tu, ukaacha kitenzi, naye atafahamu, kwa kuwa hali yenyewe imesema sehemu iliyobaki. Vivyo hivyo ukiwasikia watu kwa mbali wakipiga takbira walipouona mwezi mwandamo, wautaja mwezi tu, inatosha.

Sasa nifike kwenye siku ya huzuni. Sibawaihi alikwenda Baghdad, zama za Khalifa Harun Rashid, akajadiliana na Kisai mbele ya waziri Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki. Kisai alikuwa mkuu wa wanazuoni wa Kufa na mwalimu wa wana wa Khalifa. Swali lilihusu mtu aliyedhani kuwa nge huuma zaidi kuliko nyigu, kisha akaona ni sawasawa: je, neno dogo la mwisho lina sura ya mtenda au ya mtendwa? Sibawaihi alikubali sura ya mtenda peke yake. Kisai alizikubali zote mbili. Wakaitwa Mabedui waliokuwa mlangoni ili waamue, nao wakamwunga mkono Kisai. Wako wasemao kwamba walihongwa, au kwamba waliogopa cheo chake. Mimi simhukumu Kisai, kwani ni mmoja wa wasomaji saba mashuhuri wa Kurani Tukufu, na huenda baadhi ya makabila yalisema hivyo kweli. Lakini wanafunzi wangu huwaambia wafungue Sura Twaha, mahali fimbo ya Musa a.s. inapogeuka nyoka, watazame sura ya maneno pale. Imo katika njia ya Sibawaihi.

Waziri alimpa dirhamu 10,000. Hakurudi Basra. Alishika njia ya Uajemi, akafariki yapata mwaka 796, kabla ya kufikia uzee. Rehema ya Mwenyezi Mungu iwe juu yake.

Aliacha maandishi yasiyo na dibaji wala jina, ndiyo maana huitwa tu "Al-Kitab", yaani Kitabu. Mwanafunzi wake Akhfash, ambaye husemwa alimzidi umri, ndiye aliyeyahifadhi na kuyasomesha. Hartwig Derenbourg aliyachapisha huko Paris kuanzia mwaka 1881, yakiwa na milango 571. Na wanahistoria wamesimulia mambo mawili: kwamba Kisai mwenyewe alimlipa Akhfash amsomeshe kitabu hicho kwa siri, na kwamba Farraa, mwanafunzi mkubwa wa Kisai, alipofariki, nakala ya kitabu cha Sibawaihi ilikutwa chini ya mto aliolalia kichwa chake.