MTU ALIYETAKA KULIFUNGA JUA KWA SUMAKU

Kila mwaka kurasa za jarida letu hujaa habari za Shaaban Robert na Dedan Kimathi, nami sina neno nao. Mwaka huu lakini nawaletea Lev Artsimovich, Mrusi. Kwa wanafizikia wa plazma jina lake ni kama la Pele kwa wacheza kandanda.

Alizaliwa Moscow mwaka wa 1909. Alimaliza chuo kikuu huko Minsk mwaka wa 1928, akiwa na miaka 19 tu, umri ambao baadhi yetu bado tunahangaika na logi! Mwaka wa 1930 akaingia taasisi ya fizikia ya Leningrad. Hayo nayapita upesi, maana utamu wenyewe unaanzia 1951, alipokabidhiwa kazi ya Kisovieti ya kuunganisha viini vya haidrojeni ili kupata nishati, kama lifanyavyo jua.

Shida ilikuwa nini? Haidrojeni ikipashwa mamilioni ya nyuzi hugeuka plazma, yaani gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni. Hakuna sufuria ya kuiweka. Ikigusa ukuta hupoa papo hapo. Mwaka wa 1950 Sakharov na Tamm walikuwa wamependekeza izungushiwe nguvu za sumaku ndani ya chombo chenye umbo la tyubu ya baiskeli. Chombo hicho ndicho kilichokuja kuitwa tokamaki.

Lakini wapi! Plazma haitulii. Hebu tazameni uji wetu wa asubuhi unapochemka: ule wa chini haukai chini, hupanda juu na joto lake. Ndani ya plazma nako kuna visulisuli vidogo vidogo vinavyobeba joto kutoka katikati hadi ukutani. Mmarekani David Bohm alikuwa ametoa kanuni kwamba plazma huvuja hivyo, na kadiri inavyozidi joto ndivyo inavyovuja haraka. Mashine za Princeton zilionekana kuitii kanuni hiyo. Kama ilikuwa kweli kila mahali, basi kwisha kazi.

Artsimovich hakuwa mtu wa kushangilia ovyo. Mwaka wa 1952 kikundi chake kiliona nyutroni zikitoka katika plazma, jambo ambalo wengine wangelipigia vigelegele. Walichunguza, wakagundua hazikutokana na joto. Waingereza walitangaza ushindi mwanzoni mwa 1958 kwa mashine yao ZETA, na mwaka huo huo wakalazimika kumeza maneno yao.

Basi Agosti 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Warusi walieleza kuwa elektroni za tokamaki yao T-3 zimefika nyuzi milioni 10 hivi, na joto linakaa zaidi ya mara 10 kuliko kanuni ya Bohm ilivyoruhusu. Wataalamu wa Magharibi wakaguna. Walishuku kwamba elektroni chache zenye mbio zimedanganya vipimo, kama kupima utajiri wa darasa zima kwa kupekua mfuko wa mtoto mmoja wa tajiri.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Aliwaalika Waingereza waje wapime wenyewe! Na kumbukeni hiyo ni vita baridi. Mwezi uo huo wa Agosti majeshi ya Kisovieti yaliivamia Chekoslovakia. Taasisi ya Kurchatov nayo ndiyo iliyokuwa chimbuko la bomu la atomiki la Wasovieti. Ni kumkaribisha mshindani jikoni aonje mchuzi, na ukiwa umeharibika dunia nzima itajua.

Mwaka wa 1969 kikundi cha Culham, kikiongozwa na Nicol Peacock, kilifika na leza na vifaa vya tani 5 hivi. Mwanga wa leza ukipita katika plazma hutawanywa na elektroni, na rangi yake hupanuka kadiri elektroni zilivyo moto. Majibu? Warusi walisema kweli. Princeton wakaigeuza mashine yao kubwa kuwa tokamaki mwaka wa 1970.

Visulisuli havikuisha, la. Elektroni ziliendelea kupoteza joto haraka kuliko nadharia ilivyotarajia. Artsimovich alifariki tarehe 1 Machi 1973. Hakuuona mwaka wa 1982, wakati Wajerumani kwenye mashine ya ASDEX walipoongeza joto, visulisuli vya ukingoni vikatulia ghafla, na plazma ikahifadhi joto karibu maradufu. Tokamaki kubwa ya ITER ingali inajengwa Ufaransa. Na mwezini ipo kasoko yenye jina la Artsimovich, upande huu tunaouona, ila ni ndogo mno kwa macho matupu.