Mzee Ojwang: Mkikuyu aliyependwa kwa lafudhi ya Kijaluo

Si muda mrefu tulirusha igizo fupi la kuchekesha. Ndani yake kulikuwa na mzee aliyeshuka kutoka milimani na magunia ya karoti, akafika sokoni Morogoro mjini, akaibiwa na madalali huku akizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kiluguru. Studio nzima ilicheka. Baada ya kipindi, mama mmoja wa Mgeta akatupigia simu. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alitaka tu kujua kwa nini kila anapokuwepo mtu wa mlimani katika maigizo yetu, yeye ndiye mjinga.

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, na tukamwahidi kwamba tutalifikiria. Katika kufikiri huko tukamkumbuka marehemu Benson Wanjau wa Kenya, ambaye wengi wanamjua kwa jina moja tu: Mzee Ojwang.

Kwa vijana ambao hawakumwona, tuwaeleze. Kenya walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1960, wakati huku Tanzania Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama 20, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine. Katika miaka ya 1980 Wakenya walikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, ambacho baadaye kikawa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Kwa hiyo kipindi kikipendwa, kilipendwa na nchi nzima kwa saa moja. Majirani walijazana kwenye nyumba yenye televisheni, wengine wakichungulia dirishani.

Kipindi kimoja kati ya hivyo kiliitwa Vitimbi. Mhusika mkuu alikuwa mzee mwenye kofia na miwani mikubwa, jina lake Ojwang Hatari. Mkewe katika igizo alikuwa Mama Kayai, ambaye mwigizaji wake ni Mary Khavere. Hao wawili ndio waliokuwa roho ya kipindi. Mzee anapiga mkwara na kutaka aogopwe kama jina lake linavyosema. Mama anamwacha amalize, kisha kwa neno moja au kwa kumtazama tu, hatari yote inayeyuka. Ukiangalia vizuri, hakuna mtu katika Vitimbi aliyewahi kumwogopa Hatari. Hapo peke yake pana kichekesho kinachoweza kukaa miaka 20 bila kuchuja.

Sasa jambo lenyewe. Ojwang ni jina la Kijaluo. Lafudhi aliyotumia ilikuwa ya Kijaluo. Lugha ya Wajaluo haina sauti ya sh, ndiyo maana mzee wa Kijaluo ambaye hakukulia kwenye Kiswahili anaweza kutamka shamba kama samba. Sisi Watanzania lafudhi hiyo tunaijua kutoka kwa ndugu zetu wa Rorya, mkoani Mara. Ojwang aliitamka bila kuteleza, kipindi baada ya kipindi, na watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba ni mzee wa kutoka Ziwa Victoria.

Hakuwa Mjaluo. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, aliyezaliwa mwaka 1937. Umaarufu ulipomfikia alikuwa ameshavuka miaka 40. Na Wakikuyu nao wana shida yao katika Kiswahili, kwa sababu lugha yao haina sauti ya l, wengi wao hubadilishana l na r. Kwa hiyo kazi yake haikuwa kuongeza lafudhi tu. Ilimbidi kwanza aifiche ya kwake, halafu avae ya mtu mwingine, na asisahau hata anapokasirika au anapocheka. Sisi tunaofanya kazi mbele ya kipaza sauti tunajua ugumu huo. Jaribu kuiga lafudhi ya jirani yako kwa dakika tano mfululizo, utaona inakuponyoka dakika ya pili.

Ili uone uzito wa alichofanya, inabidi kuijua siasa ya Kenya kidogo. Jaramogi Oginga Odinga, Mjaluo, alikuwa makamu wa kwanza wa rais chini ya Jomo Kenyatta, Mkikuyu. Wakafarakana, na mwaka 1966 Odinga akajiuzulu. Tangu hapo siasa za makabila hayo mawili zilivutana kwa miaka mingi. Uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 uliwakutanisha Mwai Kibaki, Mkikuyu, na Raila Odinga, mtoto wa Jaramogi. Matokeo yalipobishaniwa, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika machafuko yaliyoyagusa makabila mengi, na mamia ya maelfu walikimbia makazi yao. Lafudhi ya mtu iliweza kumtia matatani.

Katika nchi hiyohiyo, kwa miaka mingi, Mkikuyu huyu aliingia sebuleni kwa watu akiwa Mjaluo, na watu wakamkaribisha.

Sisi tunaona sababu ni moja. Lafudhi ilikuwa nguo yake, lakini kichekesho kilitoka kwingine. Ojwang hakuchekwa kwa kuwa Mjaluo. Alichekwa kwa kuwa mume anayejifanya mkubwa wa nyumba, mzee anayependa heshima kuliko alivyo na pesa, mtu anayepanga ujanja unaomrudia mwenyewe. Mzee wa namna hiyo yupo Kisumu, yupo Nyeri, na tuseme ukweli, yupo Matombo na yupo Kinole. Na katika igizo alikuwa na maneno, alijibu, alibisha, alikuwa mwenye kaya. Mtazamaji Mjaluo alimwona baba yake mdogo, na Mkikuyu naye alimwona wake.

Huku kwetu tuna utani wa makabila, na mtani anaweza kukutania hata msibani pasipo mtu kununa. Lakini utani una sharti: unayemtania naye ana haki ya kukurudishia. Mzee wetu wa karoti hakupewa nafasi ya kurudisha. Aliibiwa, akachekwa, igizo likaisha.

Umri ulipokwenda, Mzee Ojwang aliondoka kwenye televisheni, na macho yakaanza kumsumbua. Wakenya walipopata habari zake walishtuka. Mtu aliyeijaza nchi kicheko alikuwa mgonjwa na hana uwezo wa kujitibia. Wakachangishana, akatibiwa macho. Ni jambo zuri, lakini pia ni aibu ambayo haiko Kenya peke yake. Kwa waigizaji wa vizazi vile sura ilijulikana kila mahali, na mfuko ulibaki vilevile. Hapa kwetu tulimzika Mzee Small, yaani Said Ngamba, mwaka 2014 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tukisikia sauti zao leo tunacheka upya, na kicheko hicho hakiwafikishii chochote watoto wao.

Mzee Ojwang alifariki usiku wa Jumapili, Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 78. Alizikwa katika makaburi ya Lang'ata. Magazeti yaliandika jina lake halisi, Benson Wanjau, na kuna waliosoma siku hiyo ndipo wakagundua kwamba hakuwa Mjaluo. Alikuwa amewachekesha kwa miongo mitatu hivi.

Tuna deni na Kenya, na wao wana deni nasi. Mbaraka Mwinshehe, kijana wa Morogoro, alipendwa kule kama alivyopendwa hapa, na mauti yalimkuta Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari. Sisi tuliwapa gitaa, wao wakatupa mzee mwenye miwani mikubwa.

Igizo letu tumeliandika upya. Mzee bado anatoka milimani, bado ana lafudhi yake, na bado anashuka na magunia ya karoti. Safari hii amekuja na mkewe. Dalali anaanza kuhesabu haraka haraka kama kawaida yake, mama anamwacha amalize, kisha anamwambia ahesabu tena kwa kutumia gunia kama benchi, akae kabisa, kwa sababu wao hawana haraka ya basi. Tumemsomea mama yule wa Mgeta kwa simu kabla ya kurekodi. Alicheka, akarekebisha maneno mawili ya Kiluguru tuliyokuwa tumeyakosea, akakata simu akawahi shambani.