Charles Ponzi: Tapeli ambaye hasara yake iligawanywa sawa

CHARLES Ponzi alizaliwa Lugo, Italia, mwaka wa 1882 na kuwasili Boston, Marekani, mwaka wa 1903 akiwa hohehahe.

Mnamo Desemba 1919 alianzisha biashara akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alidai kuwa angenunua kuponi za posta kwa bei ya chini ng'ambo, kisha azibadilishe kwa faida nchini Marekani. Kumbe aliwalipa waliotangulia kwa fedha za waliofuata.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mapema Agosti 1920 gazeti moja lilifichua kwamba alikuwa na madeni asiyoweza kuyalipa. Waliowahi ofisini mwake walirejeshewa fedha zao. Waliochelewa waliambulia patupu. Siku chache baadaye, Ponzi alitiwa mbaroni.

Wasimamizi wa mali yake iliyofilisika waliwashtaki waliowahi. Mwaka wa 1924, Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu William Howard Taft, iliamua kuwa fedha zilikuwa zimechanganyika hivi kwamba hakuna aliyeweza kuzitambua zake. Wote walikuwa waathiriwa wa ulaghai mmoja, hivyo waliolipwa dakika za mwisho walitakiwa kurejesha, zigawanywe kwa usawa.

Hata hivyo, waathiriwa hawakupata hata nusu ya walichowekeza. Ponzi alifungwa, akafurushwa hadi Italia mwaka wa 1934, na kufariki akiwa fukara jijini Rio de Janeiro, Brazil, mwaka wa 1949.