Robert Koch na Macho ya Wagonjwa wa Sese

Anayetoka Temeke au Kinondoni kumpeleka mgonjwa Ocean Road hukuta majengo ya kale yanayotazama bahari. Wajerumani walifungua hospitali hiyo mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Wenyeji na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Mwaka huohuo alifika Dar es Salaam daktari aliyekwisha kuwa maarufu, Robert Koch, kuchunguza malaria.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843, akasomea udaktari Göttingen. Mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya tu, alionyesha kwamba bakteria ndiye asababishaye kimeta.

Kilichompeleka mbele zaidi ni kemia. Bakteria wengi hawana rangi, hivyo kuwaona kwa hadubini ni shida. Viwanda vya Ujerumani wakati ule vilitengeneza rangi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe. Koch alizipaka rangi hizo kwenye vioo vyake, na kwa rangi ya bluu akamwona bakteria wa kifua kikuu. Alitangaza habari hiyo Berlin tarehe 24 Machi 1882. Paul Ehrlich, aliyekuwepo ukumbini, aliiboresha njia hiyo, na upimaji wa makohozi kwa rangi unaofanyika hadi leo umetokana na kazi yao.

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha ilivyotengenezwa. Haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walikufa. Ungetegemea jambo hilo limfundishe subira.

Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu. Alikuwa na atoksili, kemikali yenye aseniki. Wagonjwa walimiminika kambini, zaidi ya elfu moja, na mwanzoni wengi walipata nafuu. Kisha vimelea vilirudi. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena. Hapo ndipo akarudi kwenye kipimo kidogo, lakini hakuiacha dawa yenyewe. Ni haki kusema kwamba malale yasiyotibiwa huua. Ni haki pia kuuliza kama angethubutu kufanya hivyo katika wodi ya Berlin.

Wakati huo Ehrlich na mwenzake Alfred Bertheim walikuwa maabara wakichambua atoksili, na mwaka 1907 waligundua jinsi ilivyoundwa. Kutoka hapo walitengeneza mamia ya kemikali nyingine za aseniki, zikajaribiwa kwanza kwa wanyama. Ile yenye namba 606 ikawa dawa ya kaswende, ikaanza kuuzwa mwaka 1910. Koch alikuwa amefariki Baden-Baden tarehe 27 Mei mwaka huo.