Richard Zsigmondy, mkemia aliyepima nguvu ya gundi

Gundi ya mgunga, ambayo kwa Kiarabu huitwa samgh, ni miongoni mwa mazao ya misitu ya Sudan Kusini. Mmoja wa wanasayansi waliofafanua jinsi inavyozuia chembe kushikamana majini ni Richard Zsigmondy.

Zsigmondy alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 1 Aprili 1865. Baba yake, aliyekuwa daktari wa meno, alifariki mwaka 1880, na malezi ya watoto yakabaki mikononi mwa mama. Miaka mitano baadaye, kaka yake Emil alipoteza maisha akipanda mlima Meije nchini Ufaransa.

Mwaka 1897 aliajiriwa na kiwanda cha vioo cha Schott mjini Jena, Ujerumani. Huko alivutiwa na wekundu ambao dhahabu huupa kioo. Wanakemia walibishana juu ya asili ya rangi hiyo. Zsigmondy aliamini kuwa inatokana na chembe za dhahabu zilizotawanyika, lakini hapakuwa na hadubini ya kuzionyesha.

Mwaka 1900 aliiacha ajira hiyo, akaendelea na utafiti kwa juhudi zake mwenyewe. Akishirikiana na Henry Siedentopf wa kampuni ya Zeiss, alibuni hadubini inayomulika chembe kutoka ubavuni, zikang'aa kama vumbi katika mwali wa jua.

Alichunguza pia kinachozilinda chembe hizo. Chumvi ikitiwa katika maji yenye dhahabu, chembe hushikamana, na wekundu hugeuka kuwa buluu. Zsigmondy alipima kiasi cha gundi, gelatini au ute wa yai kinachohitajika kuzuia badiliko hilo. Vitu hivyo huzivika chembe utando unaozitenganisha.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925, na akafariki Göttingen mwezi Septemba 1929.

Hakuwahi kusikia habari za mirija ya kaboni, iliyo myembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Mirija hiyo hujikusanya katika mafungu na kukataa kuchanganyika na maji, hali inayoikwamisha kazi ya wahandisi. Mwaka 2002, watafiti nchini Israel walieleza kuwa gundi ya mgunga huitenganisha mirija hiyo na kuifanya ielee majini mmoja mmoja. Baadaye ikathibitika kuwa hata DNA hufanya kazi hiyo.

Hivyo, zao linalogemwa kwenye migunga ya Sudan Kusini lina kazi pia katika maabara za kisasa, kwa kanuni ambayo Zsigmondy aliipima zaidi ya karne moja iliyopita.