Marconi, aliyegundua kuwa redio haihitaji umeme mwingi kufika mbali

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, tukitangaza tunawafikia bila waya. Leo tunamkumbuka Guglielmo Marconi, mmoja wa walioanzisha njia hiyo.

Alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874. Mwaka 1895 alituma ishara bila waya akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Desemba 1901 ishara kutoka Poldhu, Uingereza, ilivuka Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Kwa miaka mingi yeye na wenzake waliamini kwamba kufika mbali kunataka mawimbi marefu na mitambo mikubwa inayokula umeme. Mwaka 1923, akiwa melini karibu na visiwa vya Cape Verde, alipokea mawimbi mafupi kutoka Poldhu. Mtambo ulipopunguzwa kutoka kilowati 12 hadi 1, bado alisikia. Mawimbi hayo yalielekezwa upande mmoja, kama mwanga wa tochi. Mwaka 1926 njia hiyo iliunganisha Uingereza na Kanada: umeme kidogo, ujumbe haraka.

Alifariki Roma, Julai 1937. Redio za Uingereza zilinyamaza dakika 2 kumheshimu.

Hata simu yako hubana umeme. Ikiwa karibu na mnara hutuma kwa nguvu ndogo, na maongezi hayachelewi. Bondeni, mtandao ukiwa hafifu, huongeza nguvu na chaji huisha upesi. Kabla ya kupiga, panda mahali palipo wazi.